Kabla ya Kisu

Goti hili, Somoe binti Chingwele, ni goti la maji.
Miaka arobaini lilishuka genge la Newala na ndoo tupu,
likapanda na lita ishirini kichwani,
na aliyebaki nyumbani akauliza, mbona umechelewa?
Gegedu lilisagika huko huko, kwenye mawe,
kama meno ya mtafuna makopa.

Sasa amelala Mtwara mjini, chini ya taa ya sahani,
mguu umepakwa iodini hadi pajani.
Ganzi imemshika kiunoni, mdomo haikuugusa.
"Mwanangu, hicho chuma chenu hakishiki kutu?"
Hakishiki, mama.
"Haya. Ndoo zetu zilishika."

Kazi yangu haionekani kwenye picha.
Daktari Mnyampanda ana msumeno, ana nyundo, ana sifa.
Mimi nina saa ya ukutani
na kichupa cha unga mweupe.
Unga uwe maji, maji yaingie damuni,
damu ifike mfupani kabla ya kisu:
si pamoja na kisu, si baada.
Wadudu hawapigi hodi. Ngozi ikifunguka, wamo,
na chuma hakina damu ya kujitetea;
wakishapiga kambi juu yake
huwatoi kwa kubembeleza.

Najua.
Palikuwa na mzee, Issa Mtalika.
Siku ile umeme ulikatika, jenereta likagoma,
lilipowaka tukakimbizana,
nami nikachoma dawa dakika kumi baada ya kisu.
Dakika kumi. Nikaziandika kwenye fomu kama zilivyokuwa,
na kalamu haikutetemeka.
Mwezi wa tatu akarudi, goti linalia usaha.
Hakuna aliyenilaumu. Pengine si dakika zako, alisema daktari,
pengine ni kisukari chake.
Pengine.
Neno hilo nimelala nalo kitanda kimoja. Lina viwiko.

Na Somoe dawa ya kawaida haimfai:
penisilini ilimvimbisha uso angali mwali,
cheti chake kimepigwa wino mwekundu.
Dawa iliyobaki ina maringo,
inataka kudondoka polepole, saa nzima,
ukiiharakisha inamwasha mgonjwa mwili wote.
Na saa nzima sina. Kuna mjamzito njiani kutoka Nanyamba,
mtoto katanguliza mkono,
na chumba cha upasuaji ni hiki kimoja.

"Funga paja," anasema daktari. "Tupitie mfupani."

Mkanda unajaa upepo, paja linabanwa,
mto wa damu unasimama huko juu.
Chini ya goti, drili ndogo
inanguruma kama nyigu ndani ya kopo,
kisha kimya: sindano imegusa uboho.
Nasukuma. Kidole gumba kinahisi ubishi wa mfupa,
halafu mfupa unakubali.
Kipimo ni nusu tu ya kile cha mshipani,
ila hakiendi kusalimia ini wala figo,
kimefungiwa humo humo, na mlango umebanwa.

Nikaiona Newala. Pampu imekufa, bomba kavu,
na wanawake wanapanda kwa mstari,
maji yanatoka chemchemi hadi mtungini
bila tone kuzurura.
Sikumwambia. Angecheka:
mimi nimezaliwa Mtwara, bombani,
sijabeba hata kidumu.

Naandika. Saa nne na dakika sita, dawa.
Saa nne na dakika kumi na tatu, kisu.

Baadaye daktari akakoroga saruji ya kugandishia goti,
nayo ina dawa yake ndani,
kama mpishi asiyeiamini chumvi ya kwanza.
"Mbona mmenyamaza?" akauliza Somoe. "Mmemaliza?"
Bado kidogo, mama.
"Msinichelewee. Kuna korosho za kuokota."

Miezi mitatu nitaihesabu, yeye hatajua.
Nikaweka sahihi chini ya fomu,
na safari hii, dawa ikiwa imetangulia,
kalamu ndiyo ikatetemeka.